Bidoni la Maji Kando ya Mizani: Mafunzo Niliyopata kwa Kununua Mitrai Kasapa

Ukimwambia mtu wa Lubumbashi kwamba unaenda Kasapa, atakuuliza kwa utani: kusoma au kufungwa? Chuo kikuu kiko Kasapa, gereza kuu nalo liko Kasapa. Mimi nilikwenda kusoma, nikabaki kununua vyuma. Tangu 2017 nina kiwanja kidogo kilichozungushiwa mabati, si mbali na njia ya kampasi. Mnaning'inia mizani moja, na chini yake kuna rundo la vitu ambavyo mji mzima unaviita mitrai: vyuma chakavu, alumini, nyaya, friji zilizokata roho, kompyuta, simu.

Watu wa hapa hawahitaji kufundishwa kwamba takataka ni mali. Mji wenyewe ulizaliwa 1910 kwa ajili ya shaba, na mwaka uliofuata tanuru likatoa shaba ya kwanza. Kile kilima cheusi kando ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ambacho kila mgeni hukipiga picha, ni mabaki ya miaka mingi ya kuyeyusha, na tangu karibu mwaka 2000 yamekuwa yakichotwa na kuyeyushwa upya ili kutoa kobalti iliyosahaulika ndani yake. Kwa hiyo mimi sikuvumbua kitu. Nilichokosa mwanzoni ni wateja, na niliwakosa kwa sababu sikujua mteja wangu ni nani.

1. Nilimtafuta mteja upande usio wake

Miezi miwili ya kwanza nilizunguka kwenye madepo makubwa ya mjini na ya Kampemba kutafuta mtu wa kuninunulia. Nilivaa shati safi, nikabeba daftari. Mwenye depo mmoja akaniuliza, "Uko na tani ngapi?" Nikamjibu kwamba nina kilo arobaini. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alinionyesha kwa kidevu mlima wa chuma nyuma yake, akasema, "Leta tu. Siye tuko hapa siku yote."

Nilichukua muda kuielewa sentensi hiyo. Mnunuzi wa shaba Katanga hatafutwi, yupo siku zote. Asiyepatikana kirahisi ni yule mama wa Katuba mwenye friji bovu analolitumia kama kabati la vyombo, au yule mwalimu mwenye kompyuta tatu zilizokufa chini ya kitanda. Huyo ndiye mteja wa kumbembeleza. Ni biashara ya kichekesho kidogo: unamwomba mtu, unamtembelea, unawasalimia watoto wake, ili mwisho wake wewe ndiye umpe pesa.

2. Bidoni la maji

Mizani yangu ya kwanza ilikuwa ya springi, niliyoinunua sokoni ikiwa imeshatumika. Siku moja mama mmoja jirani alileta sufuria za alumini zilizotoboka. Mizani ikasema kilo tano na nusu. Hakugombana nami. Alipokea pesa, akasema, "Asante, papa," akaenda zake. Wiki hiyo hakuja mtu. Wiki ya pili wakaja wawili tu, wote wageni wa mtaa.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja mstaafu wa Gécamines ambaye hupita jioni kuzungumza. Yule mama, akaniambia, alikuwa amepima sufuria zake kwa muuza unga wa mahindi kabla ya kuja kwangu. Zilikuwa kilo sita. "Na mtaa wote unajua," akasema. Nikajitetea kwamba huenda mizani ya unga ndiyo mbovu. Mzee akaniambia nichukue bidoni la lita ishirini, nilijaze maji, nilitundike. Lita moja ya maji ni kilo moja, na bidoni tupu ni kama kilo moja, kwa hiyo sindano ilitakiwa kusimama karibu na ishirini na moja. Ilisimama kumi na tisa na kidogo.

Nilikuwa nawaibia watu miezi yote hiyo bila kujua. Nilikwenda kwa yule mama na pesa za nusu kilo, mbele ya majirani, na aibu niliyoisikia ningeweza kuiuza kwa tani. Alizipokea bila neno. Mwezi uliofuata dada yake akaleta friji.

Nilinunua mizani nyingine, lakini bidoni limebaki pale pale, limejaa, na mteja yeyote ana haki ya kulitundika kwanza kabla ya mzigo wake. Wengi hawalitundiki. Wanalitazama tu, kisha wanashusha mzigo. Kazi yangu ni kubadilisha maji kila wiki yasiote ukijani, maana bidoni chafu linaleta maswali mengine.

3. Mji una majira yake ya kuvunjika

Vitu havifi ovyo ovyo. Mvua zikianza Novemba, radi za Lubumbashi huua televisheni na dekoda kwa makundi. Umeme nao ukikatika na kurudi kwa nguvu, huunguza chaja na friji. Kiangazi watu huhama nyumba, na anayehama hatabeba kompresa iliyokufa. Kwenye mabweni ya kampasi, tunayoyaita homu, mavuno huja mwisho wa mwaka wa masomo. Mwanafunzi anayerudi Kolwezi au Kamina anatafuta nauli, na resho lake, jiko la umeme lenye waya ulioungua, linatosha kumnunulia mkate wa njiani. Siku hizo sikai kiwanjani. Napita na mkokoteni.

4. Simu iliyokufa bado ina mtu ndani

Katika kupita huko nilikutana na mama mmoja mjane anayeuza mkaa. Alikuwa na simu ndogo yenye kikava cha bluu, betri imevimba, kioo kimepasuka. Nilimtajia bei nikidhani namfurahisha. Akaniambia, "Hapana, papa. Ile haiko ya kuuzisha. Bwana yangu iko mule." Picha za mumewe zilikuwa ndani, na sauti yake pia, ujumbe mmoja wa kuuliza kama chakula kimeiva.

Mpaka siku hiyo nilikuwa nikishangaa kwa nini watu wanaoniuzia injini nzima ya gari wanagoma kunipa simu ya gramu tisini. Nilidhani wanangoja bei ipande. Nilimshauri yule mama aende kwa fundi wa simu ninayemwamini, huenda angeweza kuifufua muda wa kutosha kuzitoa picha, na sikumuuliza tena habari ya kuuza.

Baadaye nikaona kwamba woga huo huo unavaa suti ofisini. Profesa hana shida kuuza kompyuta, shida yake ni tasnifu na barua zilizomo. Mpiga video za harusi anahofia picha za watu zilizomo. Kwa hiyo siku hizi ninaichomoa diski mbele ya mwenyewe, namuuliza kama anataka kuondoka nayo, na asipoitaka ninaitoboa kwa drili pale pale, naye anaangalia. Naweza kuiuza diski nzima kwa bei nzuri kuliko iliyotobolewa. Wanaonunua diski nzima wapo, na sababu yao ndiyo inayonifanya nisiwauzie.

5. Ofisini, muulize mtunza stoo

Taasisi ndizo zenye mali. Kwenye stoo moja niliona kompyuta kumi na nne, mashine mbili za fotokopi na sanduku la betri za dharura, vyote vimefunikwa vumbi. Mkurugenzi alikuwa mwema kupita kiasi: kila nilipokwenda aliniambia nirudi Jumatatu. Nilirudi Jumatatu nyingi. Nikaanza kufikiri anataka kitu kidogo, nikamchukia bure.

Siku moja magazinie, mtunza stoo, alinisindikiza mpaka mlangoni. "Shefu haogopi kuuza," akaniambia. "Anaogopa saini." Vile vitu viliandikwa kwenye daftari la mali. Siku atakapokuja mkaguzi akakuta kompyuta kumi na nne kwenye karatasi na sifuri ndani ya chumba, atamuuliza nani? Basi nikakaa na magazinie mchana mzima, tukaandika kila kitu: aina, namba, hali yake, uzito. Tukaacha nafasi ya saini tatu na mhuri, ile karatasi ya kufuta vitu kwenye daftari wanayoiita PV. Nikaongeza karatasi yangu ya kuthibitisha nimepokea nini na diski zimetobolewa. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akatia saini kwa dakika kumi.

Sasa sitembelei ofisi nikiwa na bei mdomoni. Natembea na karatasi. Na chai ya kwanza nakunywa na magazinie, maana ndiye anayejua chumba gani kinavuja na kitu gani kitaoza mwaka huu.

6. Wasukuma pusupusu wana redio, na wana simu

Karibu nusu ya mzigo wangu huletwa na vijana wa pusupusu, mikokoteni ya kusukuma, wanaozunguka mtaa hadi mtaa, na wengine huleta kwa manseba, pikipiki ya abiria, pale mzigo ukiwa mdogo na wa thamani. Hawa si watu wa kubembelezwa kwa maneno. Wanataka mambo matatu: walipwe palepale, kivuli cha kupumzikia, na wasione bei ikibadilika usoni mwako kulingana na viatu vyao.

Niliweka ubao wa chaki: shaba nyekundu safi, shaba yenye masizi, laito (shaba ya njano), alumini, betri, chuma. Bei kwa kilo, kwa faranga. Nilidhani ubao ndio mwisho wa ubishi. Mwezi wa Mei 2024 kijana mmoja wa Ruashi alisimama mbele yake, akaukunjia uso. "Papa, kule London shaba imepanda. Hapa kwako iko inalala." Nikamwambia London ni mbali. Jioni nikatazama bei ya soko la London, nikakuta tani ya shaba ilikuwa imepita dola 11,000, bei ambayo haikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Kijana asiye na meza alijua kabla yangu, mimi mwenye stakabadhi na mhuri.

Nilipandisha bei kesho yake, nikanunua kwa pupa, na majuma machache baadaye soko likashuka nikiwa na shaba ya bei ghali imejaa kibandani. Hasara ile niliimeza. Ila nilipofuta ubao na kuandika bei ya chini, hakuna aliyenitukana. Walishaona kwamba unapanda na kushuka mbele ya macho yao.

Jambo moja nililojiwekea: mtoto akija na chuma saa za masomo simpimii. Nimepoteza kilo nyingi kwa jambo hilo, kwa sababu depo la pili halimuulizi mtoto saa.

7. Shaba yenye masizi

Njia ya haraka ya kutoa shaba ndani ya waya ni kuuchoma. Ganda la plastiki linaungua, moshi mweusi wenye sumu unaingia kwenye madirisha ya watu, na shaba inayobaki ni nyeusi na imepungua bei. Mwanzoni nilinunua bila kuuliza. Majirani wakaacha kunisalimia, na niliona kwenye mitaa ya nyuma yangu madoa meusi ya mioto ambayo mimi ndiye niliyekuwa nikiilipia.

Nikatengeneza kifaa cha kumenyea: ubao, kisu cha kukatia kilichofungwa kwa skrubu, na tundu la kupitishia waya. Unavuta, ganda linapasuka. Nikakiacha wazi kwa yeyote kukitumia, nikatofautisha bei kwenye ubao ili kumenya kulipe kuliko kuchoma. Waya nyembamba za chaja bado zinawashinda watu uvumilivu, nakiri.

Masizi yana habari nyingine pia. Waya uliochomwa hauonyeshi ulikotoka. Usiku mmoja mtu alikuja na waya mnene kama kidole gumba, umekatwa vipande sawasawa, bado una joto. Mtaa mzima wa pili ulikuwa gizani tangu jana yake. Kwangu kila muuzaji wa shaba huandikwa jina na namba ya kadi ya mpiga kura, kwani hiyo ndiyo kitambulisho cha wengi wetu. Nikafungua daftari, nikamwomba kadi. Akaniangalia muda mrefu, akapakia waya wake.

Ningependa kusema kwamba mtaa ulinishukuru. Waya ule ulinunuliwa kwingine usiku uleule, na vijana watatu wa pusupusu waliokuwa wakiniletea mzigo wakahamia huko, kwa sababu huko hakuna daftari. Mmoja tu amerudi.

8. Usivunje kabla ya kuuliza

Nilipoanza nilikuwa na nyundo na haraka. Kila kitu nilikipasua kufuata shaba. Ni fundi mmoja wa televisheni aliyenikuta nikiponda kadi ya umeme, akapiga kelele kana kwamba naua kuku wake. Sehemu mbili tu kwenye kadi ile zingemlipa yeye siku mbili za kazi.

Tangu hapo mafundi hupita kwanza. Jumamosi asubuhi naweka vitu mezani: vioo vya simu, feni za kompyuta, transfoma, mota. Wanaofunga upya mota huchagua zao. Kinachobaki kinaenda kwa wengine wa hapa hapa mjini: alumini kwa wanaoyeyusha na kumimina masufuria, bati la friji na la madramu kwa wafua chuma wanaotengeneza mbabula, majiko ya mkaa. Juni na Julai, baridi ya Lubumbashi ikibana, mfua chuma hawezi kungoja, anakuja mwenyewe. Hawa ni wanunuzi wadogo, ila wanalipa leo, na wananiokoa na depo kubwa ninapoambiwa kwamba leo bei si nzuri.

Zile bodi za kijani za kompyuta na simu ndizo zenye siri. Tani moja ya simu ina dhahabu nyingi kuliko tani ya mawe ya mgodi mzuri, lakini kuitoa bila kujiua kwa asidi kunahitaji kiwanda. Kimoja kati ya vikubwa duniani kiko Hoboken, Ubelgiji, na ni cha kampuni ya Umicore. Nilipojua jina lake la zamani nilikaa chini. Mpaka 2001 iliitwa Union Minière, ile ile iliyoanzishwa 1906 kuchimba shaba yetu na ambayo mali zake hapa zilichukuliwa na serikali mwaka 1967, baadaye zikaitwa Gécamines. Wajukuu wa waliochukua mawe ya Katanga sasa wanasubiri simu kuukuu. Mzee wangu mstaafu nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa.

Mimi siwauzii wao. Mfanyabiashara mdogo hawezi kupeleka kontena, na tangu Januari 2025 Mkataba wa Basel unadai ridhaa ya nchi zote husika kabla ya taka yoyote ya elektroniki kuvuka mpaka. Bodi zangu nazihifadhi kavu, nimezipanga kwa aina, namuuzia mkusanyaji mkubwa mwenye vibali. Ananipa kidogo kuliko yule anayekuja usiku na pesa taslimu za dola.

9. Vitu visivyo na bei kwenye ubao

Niliwahi kutangaza kwamba nachukua kila kitu. Lilikuwa kosa la kutafuta sifa. Watu walinunua televisheni bapa, wakaniletea zile za zamani zenye mgongo. Kioo chake kina risasi nyingi, hakuna anayekitaka, na shaba ya ndani haifidii nafasi inayokaliwa. Ninazo thelathini na moja, zimepangwa ukutani chini ya turubai kama watazamaji wanaongoja mchezo uanze. Mke wangu ameshaniuliza ni lini zitaanza kulipa kodi ya nyumba. Kuzivunja na kutupa vioo kwenye mtaro ningeweza leo hii, wengi hufanya hivyo. Lakini walioniletea wanapita kila siku, na jicho lao la kwanza linakwenda kwenye ule ukuta. Siku hizi napokea televisheni pale tu inapokuja pamoja na friji au mzigo mwingine.

Kiangazi kilichopita yule mama wa mkaa alikuja. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita. Fundi alikuwa ameifufua ile simu kwa robo saa, na mpwa wake anayesoma kampasi akazihamisha picha na ile sauti kwenye simu mpya. Aliiweka mezani ikiwa bado na kikava cha bluu, akanitaka niipime kama vitu vya watu wengine. Niliitundika. Sindano haikutikisika. Akautazama ubao, akatafuta mstari wa simu, hakuuona.

Tulikubaliana bei kwa mdomo. Halafu akataka kuona nikiivunja, kwa sababu alisikia kwamba nawafanyia hivyo maprofesa. Betri nilikuwa nimeshaitoa. Nilipoinua nyundo alinishika mkono, akakivua kwanza kile kikava cha bluu, akakitia kwenye pindo la kitenge chake.

"Sasa piga," akasema.